Mseto wa Kenya: viti 46 na senti 86

Nikitaja "mseto wa Kenya" darasani, wanafunzi hudhani narudi mwaka 2008, kwa Kibaki na Raila na ile serikali ya nusu mkate. Sivyo. Mseto wa Kenya ninaousomesha ulizaliwa Magdeburg, makao makuu ya jimbo la Sachsen-Anhalt, mashariki mwa Ujerumani, na hakuna Mkenya aliyehusika. Wajerumani hupenda kuzipa serikali zao za mseto majina ya bendera. Chama cha CDU, cha wahafidhina, rangi yake ni nyeusi, SPD, chama cha kushoto ya wastani, ni wekundu, Kijani, chama cha mazingira, jina linajieleza. Nyeusi, nyekundu, kijani: bendera ya Kenya. (Nyeupe haina mwenyewe, na ngao na mikuki hawakuihitaji, ingawa kwa jinsi walivyogombana baadaye ingewafaa.) Zamani magazeti yaliwahi kuuita mseto wa Afghanistan kwa sababu hiyo hiyo ya rangi, ila Kenya ndiyo iliyoshika.

Nauandika huu kwa sababu watu wengi wa kwetu wanaofuatilia siasa za Ujerumani hutazama Berlin tu. Shirikisho lile lina majimbo 16, kila moja lina bunge lake, katiba yake na mkuu wake wa serikali, ambaye majimbo mengi humwita waziri mkuu, na mambo yanayokuja kuitikisa Berlin mara nyingi huonekana kwanza huko majimboni.

Uchaguzi wa Sachsen-Anhalt ulifanyika tarehe 13 Machi 2016. Miezi michache kabla, mamia ya maelfu ya wakimbizi walikuwa wameingia Ujerumani, na chama cha AfD, cha kulia kabisa, ambacho hakikuwa na hata kiti kimoja katika bunge la Magdeburg, kilichota asilimia 24 ya kura kwa mkupuo mmoja. Waliojitokeza kupiga kura waliongezeka kutoka asilimia 51 mwaka 2011 hadi 61. CDU ya waziri mkuu Reiner Haseloff ilibaki ya kwanza kwa karibu asilimia 30. SPD, mshirika wake serikalini, iliporomoka kutoka asilimia 21.5 hadi 10.6, kwa lugha ya viti, kutoka 26 hadi 11. Kijani waliponea chupuchupu kwa asilimia 5.2. Waliberali wa FDP walipata 4.9, na kwa kuwa kizingiti cha kuingia bungeni ni asilimia tano, wakabaki nje.

Sasa chukua kalamu, maana hapa ndipo penye utamu. Bunge lilikuwa na wabunge 87, hivyo wingi ni 44. CDU viti 30, AfD 25, Die Linke (chama cha kushoto, ambacho ukoo wake unaanzia katika chama tawala cha iliyokuwa Ujerumani Mashariki) 16, SPD 11, Kijani 5. Ule mseto wa zamani wa CDU na SPD ulikuwa na 41, pungufu kwa vitatu. CDU na AfD wangekuwa na 55, wingi wa kutosha na kusaza. CDU na Die Linke wangefikisha 46. Lakini CDU ilikataa kukaa na wa kulia kabisa, na ikakataa vilevile kukaa na wa kushoto; miaka miwili baadaye mkutano mkuu wa chama, Hamburg, ulipitisha marufuku hayo kwa maandishi, kwa vyama vyote viwili. Ukishawatoa wale 25 na wale 16, wanabaki 46. Wote hao inabidi wawe serikalini. Hapakuwa na mseto mwingine wa kuchagua.

Hilo ndilo ninalosisitiza kila mara. Vitabu vyetu vya siasa linganishi hufundisha kwamba vyama huungana kwa sababu sera zao zinakaribiana, au kwa sababu wanataka kugawana vyeo kati ya watu wachache iwezekanavyo. Magdeburg mwaka 2016 sababu zote mbili hazikuwepo. CDU ya Sachsen-Anhalt ni chama cha vijijini, cha wakulima wa mashamba makubwa na polisi na wafanyabiashara wadogo, miongoni mwa matawi ya CDU yaliyo kulia zaidi nchini. Kijani wa kule walikuwa watu wa mijini, Halle na Magdeburg. Waliungana kwa sababu ya yule waliyemfungia mlango. Wenyewe walipenda kuueleza mseto wao kama boma dhidi ya siasa kali za kulia, na boma lina tabia moja: walio ndani hawakuchaguana.

Siku ya kumchagua waziri mkuu, 25 Aprili 2016, ilionyesha hilo mapema. Tofauti na gavana wa kaunti kwetu Kenya, waziri mkuu wa jimbo hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Huchaguliwa na wabunge, tena kwa kura ya siri. Mseto ulikuwa na watu 46. Duru ya kwanza Haseloff alipata kura 41. Duru ya pili akapata 47, moja zaidi ya mseto mzima. Maana yake mpinzani mmoja angalau alimpigia, na mpaka leo hakuna ajuaye kwa hakika wale waliomnyima mwanzo walikuwa akina nani. Kura ya siri ina haki zake, siibezi. Ila katika mseto wenye ziada ya viti viwili tu, humpa kila mwenye kinyongo nafasi ya kuadhibu bila kuonekana.

Wizara waliyopewa Kijani ni ya mazingira, kilimo na nishati, akaishika Claudia Dalbert. Fikiria wakulima wa CDU wakiamka asubuhi na kukuta wizara yao imekaliwa na Kijani. Waligombana juu ya mbwa mwitu, waliokuwa wamerudi porini na kuanza kula kondoo. Waligombana juu ya Ukanda wa Kijani, yaani ule mstari wa mpaka wa zamani kati ya Ujerumani mbili, ambao kwa miongo minne haukulimwa wala kujengwa na hivyo ukawa hifadhi ya mimea na ndege bila mtu kukusudia. Sheria ya kuulinda ilipita mwaka 2019 baada ya vuta nikuvute ndefu. Huo ugomvi mimi nauona wa kawaida; serikali yoyote ya mseto hugombania ardhi.

Kilichokuwa kinaila serikali ile ni kingine. Agosti 2017 AfD ilileta hoja ya kuunda tume ya bunge kuchunguza siasa kali za kushoto, na sehemu kubwa ya wabunge wa CDU wakaiunga mkono. SPD na Kijani walibaki wameduwaa. Mwishoni mwa 2019 ikagundulika kwamba mjumbe wa uongozi wa CDU katika wilaya moja ana mchoro mwilini wa alama inayopendwa na Wanazi mamboleo na alishawahi kuwa msimamizi katika maandamano yao. CDU ilisitasita kumfukuza, Kijani wakapiga kelele, CDU ikaudhika kwa kelele kuliko kwa mchoro. Mtu huyo hatimaye aliondoka chamani mwenyewe. Ukiyaweka matukio haya pamoja unaona kwamba mlango uliofungwa mbele ulikuwa na ufa ndani ya chama chenyewe. Baadhi ya wabunge wa CDU waliona wanalazimishwa kula na watu wa mbali nao, na jirani wa kulia anakubaliana nao mambo mengi.

Ufa huo ulikuja kupimwa kwa senti 86.

Ujerumani kila kaya hulipa ada ya kila mwezi ya redio na televisheni za umma. Ada ilikuwa euro 17.50, na pendekezo lilikuwa kuipandisha hadi 18.36 kuanzia Januari 2021. Ongezeko la senti 86. Kwa kuwa utangazaji ni mamlaka ya majimbo, ongezeko linahitaji mkataba kati ya majimbo yote, na kila bunge la jimbo lazima liuridhie. Likikataa moja, limekwama kwa wote 16.

CDU ya Sachsen-Anhalt ilikuwa inapinga ongezeko tangu zamani, na hapa lazima niwatendee haki: mkataba wa mseto wa mwaka 2016 ulitaja kwamba ada isipande, na SPD na Kijani walitia saini. Hoja yao haikutoka kwa AfD. Tatizo ni kwamba AfD nayo ilipinga, kwa sababu zake, ikitaka mfumo mzima wa vyombo vya umma uvunjwe. CDU ikipiga kura ya hapana, hapana yao ingeshinda kwa kura za AfD tu. SPD na Kijani wakasema wazi: siku mtakayoshinda kwa kura hizo, serikali imekwisha.

Ili kuelewa hofu ya wakati ule, kumbuka kilichotokea jimbo la jirani miezi kumi nyuma. Tarehe 5 Februari 2020, huko Thüringen, Thomas Kemmerich wa FDP, chama kilichopita kizingiti kwa kura 73, alichaguliwa waziri mkuu kwa kura 45 dhidi ya 44, akibebwa na AfD na CDU kwa pamoja. AfD walikuwa na mgombea wao wa kujifanya; duru ya tatu wote walimtosa, akapata sifuri. Angela Merkel alikuwa ziarani Afrika Kusini, akatamka huko huko kwamba jambo hilo halisameheki na matokeo yake lazima yabatilishwe. Kemmerich alitangaza kujiuzulu ndani ya siku chache, na mwenyekiti wa CDU wa taifa, Annegret Kramp-Karrenbauer, akatangaza kwamba ataachia uongozi. Hakuna kiongozi wa CDU aliyetaka hayo yajirudie Magdeburg.

Desemba 2020 mambo yakachemka. Holger Stahlknecht, waziri wa mambo ya ndani na mwenyekiti wa CDU jimboni, alihojiwa na gazeti la Volksstimme akasema kwamba SPD na Kijani wakiondoka, CDU inaweza kutawala peke yake kama serikali ya wachache. Serikali ya wachache ingepata wapi wingi? Kila mtu alijua jibu. Siku hiyo hiyo, tarehe 4, Haseloff alimfuta kazi. Mwenyekiti wa chama chake mwenyewe! Siku nne baadaye akauondoa bungeni muswada wa kuridhia ongezeko la ada.

Ukiutazama haraka utasema kashindwa. Mimi naona ulikuwa ujanja wa hali ya juu, wa aina ambayo mseto huu tu ungeweza kuuzaa. Muswada ulikuwa wa serikali, kwa hiyo yeye alikuwa na haki ya kuuondoa. Bila kura, hakuna aliyepiga kura pamoja na AfD. Bila kura pia, jimbo halikuridhia, na mkataba ukafa kwa wote 16 usiku wa mwaka mpya. CDU ikapata ilichotaka. SPD na Kijani hawakupata ada, ila walipata sababu ya kubaki. Suala likafika Karlsruhe, kwenye Mahakama ya Katiba, ambayo katika kiangazi cha 2021 iliamua kwamba jimbo moja haliwezi kuzuia peke yake fedha ambazo vyombo vya umma vinastahili, na ikaipandisha ada yenyewe hadi euro 18.36. Wanasiasa wakaepuka uamuzi, majaji wakaubeba. Jambo hilo halinipendezi, ila limekuwa mtindo katika nchi nyingi, zetu zikiwemo.

Uamuzi ulipotangazwa wapiga kura walikuwa wameshasema. Tarehe 6 Juni 2021 CDU ilipata asilimia 37 na AfD karibu 21; kura za maoni zilikuwa zimetabiri wawili hao watakaribiana zaidi. CDU na SPD sasa wangeweza kutawala wawili tu: viti 49 kati ya 97. Ndio wingi wenyewe, bila ziada hata ya kiti kimoja, na kura ni ya siri. Haseloff, aliyekwisha kuonja, aliongeza FDP, ambao rangi yao ni njano, na viti vyao 7 ambavyo kwa hesabu hakuvihitaji. Kijani, waliokuwa wameongeza kura kidogo, waliachwa nje. Nyeusi, nyekundu na njano: bendera ya Ujerumani yenyewe. Hata hivyo duru ya kwanza Haseloff alikwama tena, akapita ya pili kwa kura 53, akiwa na mseto wa watu 56.

Wakati huo mseto wa Kenya ulikuwa umehamia kwa majirani, Sachsen kwa Michael Kretschmer wa CDU na Brandenburg kwa Dietmar Woidke wa SPD, zote baada ya uchaguzi wa 1 Septemba 2019 na zote AfD wakiwa wamefungiwa nje. Mwaka 2024 ukafa kote kuwili. Brandenburg Kijani walianguka hadi asilimia 4.1, wakatoka bungeni kabisa. Novemba, serikali ya zamani ikiwa bado inashikilia ofisi, Woidke alimfuta kazi waziri wake wa afya wa Kijani, Ursula Nonnemacher, siku ya kikao cha Baraza la Majimbo huko Berlin, kwa sababu hawakuelewana jimbo lipigeje kura kuhusu mageuzi ya hospitali.

Sachsen mseto ulikaribia zaidi kuponea. CDU 41, SPD 10, Kijani 7: jumla 58, na wingi ni 61. Viti hivyo vya CDU mwanzoni vilitangazwa 42, na vya AfD 41, mpaka maofisa wa uchaguzi walipogundua kosa la programu ya kugawa viti. Kiti kimoja kilichopungua kiliikosesha AfD ile zaidi ya theluthi ambayo ingeiwezesha kuzuia marekebisho ya katiba. Kretschmer aliishia na serikali ya wachache ya CDU na SPD, viti 51 kati ya 120, lakini mwezi Desemba akachaguliwa duru ya pili kwa kura 69. Kura 18 hivi alizipata nje ya serikali yake, na kwa kila muswada sasa inambidi azitafute upya, akianza kwa kuwaonyesha wapinzani rasimu kabla haijafika bungeni.