Chumvi haimzuii mtoto kunuka jasho ukubwani

Nchini Uturuki, hasa vijijini, bado wapo mabibi wanaompaka mtoto mchanga chumvi mwili mzima, wakaiacha kwa muda, kisha wakamwogesha. Desturi hiyo huitwa tuzlama. Huaminiwa kwamba mtoto aliyepakwa hatanuka jasho akikua. Wauguzi wa jamii wanaofanya utafiti huko wameikuta mara nyingi, na ni ya kale: Galen, tabibu aliyezaliwa Pergamon, yaani Bergama ya leo, naye aliisifia chumvi kwa ngozi ya vichanga.

Lakini harufu ya kwapa hutokana na bakteria wanaovunja jasho la tezi zinazoanza kazi mtu anapobalehe. Chumvi ya siku za mwanzo haina inachozuia hapo. Inachoweza ni kudhuru. Ngozi ya kichanga ni laini mno, ya njiti ndiyo zaidi. Chumvi huichubua na kupenya hadi kwenye damu. Mtoto hukaukiwa maji, hulegea, hushikwa na degedege, na wapo waliokufa.

Bibi huyo anampenda mjukuu wake, sina shaka kabisa. Ndiyo maana muuguzi anayebisha hodi aketi naye kwanza, amweleze taratibu kwamba maji ya uvuguvugu yanatosha.