Fumanizi la kupanga si mtego

Hapa Kisumu, filamu ya mapenzi ikionyesha mke amemlipa msichana amnase mumewe hotelini, utasikia watu wakisema, "Wamekula njama wapate talaka." Mume mwenyewe hajui lolote! Huo ni mtego. Njama huliwa na waliokubaliana.

Fumanizi la kupanga ni uzinzi wa kuigiza. Mume na mke wameafikiana kuachana, sheria inadai kosa, basi wanalitengeneza: mmoja anajitwika lawama, mwenzake anajifanya aliyeumizwa. Anayedanganywa ni hakimu. Mpango wa kando haupo. Hata ule mshtuko ulio ndani ya kitenzi fumania, kumkuta mtu ghafla akitenda asilotaka lionekane, nao haupo, maana saa ya kubisha mlango imeshapangwa.

Mchezo huu ulishamiri Uingereza. Hadi sheria ya 1937 ilipoongeza sababu nyingine, pasipo uzinzi hukutoka ndoani. Tangu 1923 mke aliweza kupewa talaka kwa uzinzi wa mumewe tu, bila kuthibitisha ukatili au kutelekezwa juu yake, kwa hivyo waume wengi walikubali kuonekana wao ndio wabaya. Bwana alikwenda hoteli ya pwani, mara nyingi Brighton, na mwanamke wa kulipwa. Wangeweza kukesha wakicheza karata, mradi mhudumu akileta chai asubuhi awakute kitandani. Yeye ndiye shahidi, na risiti ya hoteli ni ushahidi.

Mahakama ikigundua makubaliano, talaka hakuna. Yaani waliochukiana waliachanishwa, walioelewana wakafungiwa ndani! Na hata baada ya hukumu ya kwanza walisubiri miezi sita, ofisa wa Mfalme akiwa na uwezo wa kuizuia talaka akigundua udanganyifu. Hapo ndipo komedi inapopata raha yake: wawili hawa wakianza kutamaniana upya, wanajificha kama wazinzi, ilhali bado ni mke na mume. Kwenye mtego raha hiyo haipatikani. Kuna mjanja mmoja na mwathiriwa mmoja, na ninayemcheka nusu namwonea huruma.

Sasa, ndugu zangu mnaoandika michezo ya kuigiza hapa Kisumu na Nakuru, msimwazime hakimu wa Uingereza wa zamani. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inatambua ndoa iliyovunjika kiasi cha kutorekebishika, na kwa ndoa ya kiserikali kutengana kwa hiari miaka miwili ni ushahidi wa hilo. Wanandoa wenu hawahitaji chumba cha hoteli ili wasikilizwe. Wakitaka kuigiza uzinzi, waigizieni wazee: wale wa pande mbili, waliotoa na waliokula mahari, wanaokaa kikao kizima wakiuliza nani alikosa, na jibu la "tumekubaliana tu" hawalipokei.