Je, wajua kwa nini Ghostwire: Tokyo iliwavutia na kuwachosha wachezaji wale wale?

Mchezo wa video wa Ghostwire: Tokyo, uliotengenezwa na studio ya Kijapani ya Tango Gameworks, ulitoka tarehe 25 Machi 2022 kwa PlayStation 5 na kompyuta, na mapokezi yake yalikuwa na jambo la kushangaza. Mara nyingi mtu yule yule aliyeusifia mji na mizimu yake kwa moyo wote ndiye aliyelalamika, sentensi mbili mbele, kwamba mapigano yake yanachosha.

Kisa chenyewe ni hiki. Ukungu unatanda Shibuya, eneo la Tokyo linalojulikana kwa msongamano wa watu, na watu wote wanatoweka, huku nguo zao zikibaki barabarani pale pale walipokuwa wamesimama. Anayesalia ni kijana Akito, aliyeingiwa mwilini na roho ya mpelelezi aitwaye KK. Kwa uwezo wa roho hiyo, Akito hurusha upepo, maji na moto kwa kupinda na kusokota vidole, ishara zilizotokana na kuji-kiri, desturi ya kale ya Japani ambayo mtu hujikinga nayo kwa kuchora hewani kwa mkono huku akitamka maneno tisa.

Vidole hivyo hupendeza sana kuvitazama, na wahakiki wengi waliviandika kwanza. Lakini nguvu ni tatu tu, na maadui ni wale wale wanaojirudia mtaa kwa mtaa, hasa wanaume wasio na nyuso, wenye suti na miavuli, na wanafunzi wasio na vichwa. Aliyekuja kutafuta mapambano humaliza mapema yale mapya aliyoandaliwa.

Hata hivyo, mchezo umeweka maelezo mafupi kuhusu kila kiumbe, na anayesoma habari za wale wenye miavuli hukuta kwamba wamezaliwa na mioyo ya watu waliochoshwa kabisa na kazi. Kwa asiyesoma, huyo ni shabaha ya mia na moja. Kwa aliyesoma, ni mfanyakazi anayetembea kwenye mvua bila uso. Nadhani hapa ndipo mgawanyiko ulipoanzia, kwa sababu watengenezaji waliweka utajiri wao katika mambo ya kutazama na kusoma, wakayaacha mapigano yakiwa membamba.

Mfano ulio bora zaidi ni kappa, kiumbe wa mtoni mwenye gamba la kobe mgongoni na kisahani cha maji utosini, ambaye katika ngano huwavuta watu na farasi majini. Chakula chake kipenzi ni tango, kiasi kwamba sushi ya tango huitwa kappamaki. (Kufanana kwa jina la studio na tunda hilo ni sadfa tu, ingawa Mswahili hawezi kukosa kuliona.) Katika mchezo huu kappa hapigwi. Unamwekea tango kando ya maji, unajitenga, unajificha, unamtazama akizunguka majini kwa wasiwasi, na akishaanza kula ndipo unapomnyemelea kwa nyuma. Akikuona kabla ya hapo, anakimbia. Mwenye kiu ya vita huona amepotezewa muda, ilhali mwenye kupenda ngano huona amekutana na kappa mwenyewe, kwa tabia zake zote.

Ndivyo ilivyo pia kwa nekomata, paka wazee wenye mikia miwili, ambao hapa ni wenye maduka. Kuchisake-onna naye, mwanamke mwenye mdomo uliopasuliwa hadi masikioni, anakuja na mkasi mkubwa mkononi, na huyo si wa kale sana, kwani uvumi wake ulienea Japani mwaka 1979 na kuwatia watoto hofu ya kurudi nyumbani peke yao.

Mwezi Aprili 2023, mchezo ulipofika kwenye Xbox, studio ilitoa sasisho kubwa lililogusa pande zote mbili za malalamiko na sifa. Waliotaka mapigano walipewa uwezo wa kukwepa mashambulizi na hatua 30 za kupambana mfululizo. Waliopenda kutangatanga walifunguliwa shule yenye giza, iliyojaa vitisho vya aina ile wanafunzi wa Kijapani wanayosimuliana.