Haki ya maji ya makabila haisubiri bwawa jipya

Ukame unapobana kusini magharibi mwa Colorado, malalamiko yanayotufikia ofisini huwa ya namna moja: makabila mawili ya Ute, wenyeji wa asili wa eneo hili, "yamepewa" maji, na kesho yatataka bwawa jingine kwa kodi zetu. Hata ndugu zetu wazungumzaji wa Kiswahili walioko Denver na Aurora wameuliza kama watakatiwa maji. Mabomba ya Denver hayachoti bonde la mto San Juan, yaliko maji haya. Tuendelee.

Hawakupewa. Mwaka 1908, katika kesi ya Winters, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba eneo likitengwa kwa ajili ya kabila, maji ya kuliwezesha kukalika yametengwa pamoja nalo. Eneo la Waute lilitengwa mwaka 1868, na katika jimbo letu mwenye tarehe ya zamani ndiye huchota kwanza. Tena, mkulima akikaa miaka 10 bila kutumia maji yake huhesabiwa ameyatelekeza mpaka athibitishe vinginevyo. Haki ya kabila haipotei hivyo.

Tatizo ni kwamba haki iliyoandikwa hainywewi. Sheria ya suluhu ya mwaka 1988 iliyafunga makabila haya kwenye mradi wa bwawa wa Animas-La Plata, uliokuwa umeidhinishwa tangu 1968. Mabishano ya gharama na samaki walio hatarini kutoweka yaliuchelewesha, hadi Bunge la Marekani lilipoupunguza mwaka 2000 na kuondoa umwagiliaji. Bwawa la Ridges Basin likajengwa. Ziwa lake, Lake Nighthorse, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 148 hivi, likajaa mwaka 2011. Zaidi ya miaka 10 baadaye, makabila yote mawili yalikuwa bado hayana bomba la kuyafikisha maji hayo kwao. Anayedhani bwawa likijaa haki imetimia, basi aeleze hilo.

Njia nyingine zilikuwepo mezani: kununua mashamba pamoja na haki zake za maji, na kubadili uendeshaji wa mabwawa yaliyopo. Viongozi wa makabila hawakuziamini, na hofu yao si ya kubezwa, kwani mashamba yenye maji hayauzwi yote kwa mkupuo, tena mengi yako nje ya maeneo yao. Hata hivyo, kwa maoni yangu (si ya ofisi), njia hizo zilisukumwa pembeni mapema mno. Mwaka 2022 kabila la Jicarilla Apache, upande wa New Mexico, lilikubali kukodisha maji yake yaliyomo katika bwawa la Navajo, takriban mita za ujazo milioni 25 kwa mwaka kwa miaka 10, yaachiliwe mtoni kwa ajili ya samaki na uhakika wa maji jimboni. Hakuna ukuta mpya uliojengwa, na kabila linalipwa.

Kununua nako kuna masharti, na hapa ndipo watu wanapoteleza. Haki ikihamishwa hapa Colorado, huhamishi yote uliyokuwa ukichota. Unahamisha kile tu ambacho mazao yalikuwa yakikitumia kweli miaka iliyopita. Yanayorudi mtoni ni ya wanaochota chini yako mtoni. Ombi hupelekwa mahakama ya maji, ambayo kwa mabonde haya iko Durango. Muhtasari wake hutangazwa, na yeyote anayeona ataumia huwasilisha pingamizi kabla ya kuisha mwezi wa pili baada ya ule ombi lilipoingia. La Januari, basi, mwisho ni siku ya mwisho ya Machi. Kuchota kinyume cha amri ya mhandisi wa maji kuna faini, nayo huhesabiwa kwa kila siku, sio kwa kila kosa. Maelezo haya si ushauri wa kisheria. Mwenye shauri amwone wakili.

Wapo wanaofika Aprili wakiwa na hasira na picha za mfereji mkavu. Picha tunazipokea, ila pingamizi hilo huwa limeshapitwa na muda.