Alama za wenza kufanana sio ushahidi kwamba wanaathiriana

Jamani tuelewane, maana hili nalikuta karibu kila rasimu ninayoletewa. Mtu anachukua alama za mume na mke za kuridhika na ndoa, anapata korelesheni (kipimo cha jinsi alama mbili zinavyokwenda pamoja, toka -1 hadi 1) tuseme 0.5, anaandika kwamba furaha ya mmoja inamwambukiza mwenzake. Umejuaje? Labda walichaguana wakiwa wanafanana tangu mwanzo, au wote wanabanwa na deni lilelile na wanauguza mtoto yuleyule, yani alama zitafanana tu hata kama hakuna aliyembadilisha mwenzake.

Wengine wanakimbilia APIM, ile modeli ya takwimu za wenza ya mtafiti Kenny, yenye athari ya mhusika (hali yangu kwa matokeo yangu) na athari ya mwenza (hali yako kwa matokeo yangu). Ni hatua nzuri, inauliza kama msongo wa mke unatabiri kuridhika kwa mume ukishaondoa msongo wa mume mwenyewe. Ila data zikikusanywa siku moja hiyo bado ni rigreshoni, yani inatabiri kitu kimoja kwa kingine tu, haijui nani alianza.

Kuchambua watu 200 kana kwamba hawahusiani, wakati ni jozi 100, usifanye, sirefushi.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: mtu anaona modeli ya ngazi nyingi (inayoweka watu ndani ya jozi zao, na kupima kufanana kwa wenza kwa variansi ya jozi, yani jinsi jozi zinavyotofautiana) imempa variansi hiyo sifuri, anatangaza wenza hawategemeani. Hapana! Korelesheni inaweza kuwa hasi, mfano kazi za nyumbani, mmoja akifanya nyingi mwingine anafanya chache, na hao wanategemeana kweli kweli, lakini variansi haiwezi kushuka chini ya sifuri kwa hiyo programu inagota hapo na kunyamaza. Ruhusu makosa ya wawili hao (sehemu ya alama ambayo modeli haikuieleza) yakorelishwe moja kwa moja, hasi itajitokeza yenyewe.

Utasema basi nitapima mara nyingi. Safi, ila tenganisha tofauti za kudumu kati ya jozi na mabadiliko ya ndani ya jozi, ndicho mtafiti Hamaker na wenzake walichosisitiza 2015 kwa data za mtu mmoja mmoja. Na hapa nina shaka ambayo vitabu vinaipita haraka, pengo kati ya vipimo. Hasira inamfikia mwenza ndani ya dakika, sisi tunarudi na dodoso baada ya miezi sita, athari imeshapanda na kuzimika, tunaandika haipo. Pengo linatakiwa litoke kwenye nadharia, na nadharia zetu nyingi hazisemi chochote kuhusu muda. Mimi naziamini zaidi shajara za kila siku, lakini siwezi kukuthibitishia kwamba siku moja ndiyo kipimo sahihi cha ugomvi.