Aikoni za deskitopu: umbo kwanza, rangi baadaye

Aikoni nzuri ni ile unayoitambua ikiwa nyeusi tupu, ina upana wa pikseli 16 (pikseli ni nukta moja ya kioo), na macho yako yako kwenye kazi nyingine. Huo ndio msimamo wangu, na karibu yote nitakayoeleza hapa yanatokana nao. Rangi naipenda, ila naipa kazi ya pili.

Sababu ziko kwenye mazingira yetu. Laptopu za madukani na za steshenari hapa Mwanza mara nyingi ni za mtumba, kioo chake ni pikseli 1366 kwa 768, na huwekwa karibu na mlango ulio wazi. Jua linapiga kioo, vumbi limeshakitanda. Hapo rangi ndiyo inayotangulia kupotea: bluu na zambarau zinakuwa kitu kimoja, manjano inamezwa na weupe wa nyuma yake. Umbo linabaki. Tena kuna watu, hasa wanaume, wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani. Ukiwawekea vitufe viwili vya mviringo, kijani cha kuhifadhi na chekundu cha kufuta, umewapa kitufe kimoja mara mbili.

Mchoraji Susan Kare alipochora aikoni za Macintosh ya mwaka 1984 alikuwa na miraba 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe tu, hata kijivu hakuna. Nukta 1,024 kwa jumla. Ufinyu ule ulilazimisha kila aikoni iwe na umbo lake, na pipa la taka la wakati ule linasomeka mpaka leo. Linganisha na mwaka 2020, Google ilipozipa Gmail, Kalenda, Drive na Meet rangi zilezile nne. Kila moja ukiitazama peke yake ni nadhifu. Zikikaa bega kwa bega kwenye vichupo vya kivinjari, zimekuwa ndogo, rangi haikusaidii tena kuchagua, inabidi usimame usome.

Tuchukue mfano wa karibu. Mnunuzi wa samaki Kirumba anataka programu ya mapokezi yenye vitufe vitatu: sangara, sato, dagaa. Wachoraji wengi wataweka samaki mmoja mara tatu na kumbadilishia rangi. Ni kosa, kwa sababu samaki wenyewe wameshakupa tofauti. Kwenye turubai ya 16 kwa 16 acha pikseli moja kila upande, zibaki 14 za kuchezea. Sangara mpe mwili mrefu, 14 kwa 6. Paji lake limebonyea, kwa hiyo ng'oa pikseli moja juu kidogo ya jicho. Pezi lake la mgongoni ni kama mawili, basi acha pengo la pikseli moja katikati yake. Mkia ni wa mviringo, punguza pembe zake mbili. Sato mpe kina, 14 kwa 9, pezi la mgongoni liwe moja lisilokatika kuanzia nyuma ya kichwa hadi karibu na mkia, na mkia ukatwe wima. Dagaa usimchore mmoja, hatambuliki hivyo hata sokoni. Chora vijiti vitatu vya mlalo, kila kimoja urefu wa pikseli 9 na unene wa 2, nafasi ya 2 kati yao, kila kimoja kikisogea pikseli 2 kulia kuliko cha juu yake.

Magamba yaache kabisa. Kwa ukubwa huo mistari ya magamba inageuka ukungu wa kijivu na mwili mzima unaonekana mchafu. Jicho ni pikseli moja nyeupe, kwa sangara na sato tu. Ukimaliza, jaza nyeusi vyote vitatu, rudisha mtazamo kwenye asilimia 100, nyoosha mkono na utazame kwa umbali huo. Mtu ambaye hajaviona akiambiwa aonyeshe sato, aonyeshe bila kusita. Hapo ndipo rangi inaruhusiwa kuingia.

Mimi huchora kwa programu ya Inkscape, na naanza na saizi ndogo kabisa, si kubwa. Anayeanza na 256 hujaza vitu vingi halafu akipunguza vinagandana. Fungua sifa za waraka kwa Shift+Ctrl+D, weka kipimo cha px, upana 16, urefu 16, kisha ongeza gridi ya pikseli 1. Alama ya # kwenye kibodi inaionyesha na kuificha. Sasa jambo linalowasumbua wengi: mstari wa unene wa pikseli 1 ukiupitisha juu kabisa ya mstari wa gridi, nusu yake inaangukia pikseli ya juu na nusu ya chini, na badala ya mstari mmoja mweusi unapata miwili ya kijivu. Usogeze kwa 0.5, au chora umbo lililojazwa na uachane na mistari. Mimi kwenye 16 natumia maumbo yaliyojazwa tu.

Saizi moja haitoshi. Windows ikiwekwa ukuzaji wa asilimia 125, aikoni ya 16 inahitajika kwa pikseli 20, na kwa asilimia 150 inahitajika 24. Isipozikuta kwenye faili, inachukua saizi nyingine na kuibana, kingo zinapakaa. Ndiyo maana aikoni inaweza kuwa kali kwenye mashine yako na hafifu kwenye ya mteja, faili likiwa lilelile. Toa picha za PNG za 16, 20, 24, 32, 40, 48 na 256. Za 16 hadi 24 zirekebishe kwa mkono, moja moja, maana kubonyea kwa paji la sangara hakutakaa vizuri kwenye 20 kwa kukuza tu. Kisha fungua zote kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, kama tabaka za picha moja na uihamishe kuwa .ico, faili la aikoni linalobeba saizi zote pamoja. Kwenye tabaka la 256 weka tiki ya mgandamizo wa PNG. Usipoiweka, tabaka hilo peke yake linakula kilobaiti 256.

Faili la .ico lihifadhi kwenye diski ya ndani, kwa mfano C:\Aikoni, na usiliache kwenye flashi. Flashi ikichomolewa, njia ya mkato inageuka karatasi nyeupe. Na kama umebadilisha aikoni lakini ya zamani inang'ang'ania, tatizo ni kashe ya Windows, yaani nakala za aikoni ilizojiwekea, si faili lako. Bonyeza Win+R, andika ie4uinit.exe -show, kisha Enter.

Majina chini ya aikoni siyaondoi kamwe. Windows inaonyesha mistari miwili tu ya jina na kukata mengine, hivyo neno linalotofautisha litangulie: "Sangara mapokezi" na "Sato mapokezi". "Fomu ya mapokezi ya sangara" na "Fomu ya mapokezi ya sato" zikikatwa zinafanana.

Na nyuma ya majina hayo nataka rangi moja tulivu. Picha ya mwamba wa Bismarck jua likizama inapendeza ukutani, ila kwenye deskitopu anga lake angavu linameza maandishi meupe. Bluu ya Windows 2000 (nyekundu 58, kijani 110, bluu 165, kila moja kati ya 0 na 255) inayapa maandishi meupe utofauti wa takriban 5.3 kwa 1. Ile ya kijani-bluu ya Windows 95 (0, 128, 128) inatoa kama 4.8. Zote ziko juu ya 4.5, kiwango ambacho WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zisomeke na watu wote, unataka kwa maandishi ya kawaida.

Aikoni za upau wa kazi (taskbar) nazipendelea zikianzia kushoto. Windows 11, iliyotoka 2021, inaziweka katikati, na kila ukifungua programu mpya kundi zima linasogea ili lijipange upya, kwa hiyo mkono hauzoei mahali. Ingia Settings, Personalization, Taskbar, kisha Taskbar behaviors, na kwenye Taskbar alignment chagua Left.

Deskitopu yenyewe isiwe na zaidi ya safu tatu za aikoni, zote upande wa kushoto. Bofya kulia, nenda View, ondoa tiki ya "Auto arrange icons" na uiache ya "Align icons to grid". Ukishapanga, toka kwenye akaunti na uingie tena papo hapo. Windows huandika mahali pa aikoni hasa wakati wa kutoka, na umeme ukikatika kabla, kwenye mashine isiyo na betri nzima, mpangilio wako wote unaweza kupotea. Sababu ya safu za kushoto ni projekta: ikiunganishwa, kioo kinaweza kushuka hadi pikseli 1024 kwa 768, na chochote ulichokiweka zaidi ya pikseli 1024 kutoka kushoto kitasukumwa ndani na kuvuruga vingine.