"Sheria Hairuhusu Kumsamehe wa Bangi": Tunayosema Kijiweni na Yaliyoandikwa

Nina kibanda cha steshenari, mwendo wa dakika tatu kutoka mahakamani, hapa Dodoma mjini. Nachapa, natoa fotokopi, nalaminisha vyeti. Kwa sababu ya mahali nilipo, nusu ya wateja wangu ni ndugu wa wafungwa. Ikikaribia Desemba 9 (Uhuru) au Aprili 26 (Muungano), sikukuu ambazo Rais husamehe wafungwa, barua wanazoniletea hubadilika ghafla. Zote huanza "Mheshimiwa Rais".

Mwishoni mwa 2025 mjadala ulipamba moto kwenye kijiwe cha kahawa kilicho ubavuni mwangu. Rais Donald Trump wa Marekani alikuwa amemsamehe Juan Orlando Hernández, aliyewahi kuwa rais wa Honduras. Mwaka 2024 baraza la wazee wa mahakama huko New York lilimkuta na hatia ya kula njama za kuingiza kokeini Marekani, akafungwa miaka 45. Waendesha mashtaka walisema njama zile zilipitisha zaidi ya tani 400. Desemba 1, 2025 akatoka. Mzee mmoja akaweka kikombe chini: "Tani mia nne katoka. Mjukuu wangu kiroba kimoja cha bangi, hata kutajwa hatajwi." Tangu siku hiyo nimesikia mengi pale, na mengi si kweli.

Kubwa kuliko yote ni hili: Katiba inamkataza Rais kuwasamehe wa dawa za kulevya.

Haimkatazi. Ibara ya 45 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inampa Rais madaraka ya kumsamehe mtu yeyote aliyepatikana na hatia mahakamani kwa kosa lolote, kwa masharti au bila masharti. Ni lolote. Hakuna orodha ya makosa yaliyowekwa kando, si dawa, si ubakaji, si mauaji. Orodha tunayoisikia redioni inatoka kwenye masharti ya tangazo lenyewe. Msamaha wa sikukuu ya taifa unapotoka, husomwa nani anahusika: wagonjwa wasio na matumaini ya kupona, wazee sana, wajawazito, akina mama wenye watoto wanaonyonya. Kisha husomwa nani hahusiki, na hapo dawa za kulevya hazikosi, zimekaa jirani na rushwa, ubakaji na unyang'anyi wa kutumia silaha. Masharti haya yamerudiwa mwaka baada ya mwaka mpaka watu wameyachukua kuwa ndiyo Katiba.

Anayebisha akumbuke Desemba 9, 2017, Uwanja wa Jamhuri, hapa hapa kwetu. Nilikaa upande wa jua, nimejifunika gazeti kichwani. Rais John Magufuli alisoma hesabu: wafungwa 8,157 wananufaika, 1,828 kati yao wanatoka siku ile ile. Akaja kwa waliohukumiwa kunyongwa, akawasamehe 61. Halafu akataja jina la mwanamuziki Nguza Viking (Babu Seya) na mwanawe Johnson (Papii Kocha), na shangwe zikafunika spika. Wale walikuwa wakitumikia kifungo cha maisha tangu 2004 kwa makosa ya kubaka watoto, yaani kundi lile lile ambalo matangazo hulitenga. Wako waliocheza barabarani jioni ile, na wako watetezi wa haki za watoto waliokasirika sana. Furaha na hasira tuziache pembeni. Siku ile Dodoma iliona kwa macho kwamba mpaka uliochorwa kwenye masharti ya sikukuu unaweza kuvukwa na aliyeuchora.

Kwa hiyo mtu akisema "sheria hairuhusu", anakosea. Sheria inaruhusu. Rais ndiye anayechagua kutowagusa, na hizo ni hoja mbili tofauti. Mimi binafsi sina ugomvi na kumwacha nje aliyeleta kilo za heroini bandarini. Ninachogombana nacho ni ile namna ya kusema "wa dawa za kulevya" kama vile wote walikuwa kwenye jahazi moja.

Maana sheria yenyewe haiwaweki jahazi moja. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, pamoja na marekebisho yake, inapima kwa uzito na aina. Mzigo mkubwa ni kifungo cha maisha. Chini ya hapo kuna miaka 30. Kupatikana na kiasi kidogo kuna kifungu chake, chenye adhabu nyepesi. (Kunyongwa hakumo kabisa, ingawa kila wiki kuna mtu kijiweni anamnyonga mwenzake kwa mdomo.) Neno linalowachanganya ndugu ni "kusafirisha". Nimechapa rufaa ya kijana aliyekutwa usiku na gunia uvunguni, mama yake akiniuliza mara tatu: "Kusafirisha wapi, mwanangu, naye alikuwa amelala?" Kwenye sheria hii kusafirisha si kupanda basi tu. Kununua, kuuza, kuhifadhi, kupeleka, hata kuwa nayo, vyote vinaweza kuingia humo. Mirungi nayo imo. Dereva anayeizoea Kenya, ambako ni biashara halali, akivuka nayo mpaka anakuwa mtuhumiwa wa dawa za kulevya.

Dhana nyingine: Rais anaweza kumtoa hata aliye mahabusu.

Hii huniletea barua nyingi, na huwa naona aibu kupokea hela yake. Ibara ya 45 inamzungumzia aliyekwisha kupatikana na hatia. Ndugu yako ambaye kesi yake inatajwa tu na kuahirishwa, "upelelezi haujakamilika", bado hana hatia ya kusamehewa. Hapo mwenye ufunguo ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Yeye anaweza kusema mahakamani kwamba hana nia ya kuendelea na shauri, na mshtakiwa akaachiwa. Hilo nalo watu huliita msamaha. Si msamaha, kwa sababu mtu yule yule anaweza kukamatwa tena na kushtakiwa upya.

Chanzo cha mkanganyiko huu nakifahamu. Septemba 2019 Rais Magufuli alitoa siku saba kwa waliokuwa mahabusu kwa uhujumu uchumi watubu, wakubali kurudisha fedha, watoke. Mitaani likaitwa msamaha wa Rais. Lakini kazi yenyewe ilifanywa na Mkurugenzi wa Mashtaka, na mwaka huo huo yakaingizwa kwenye sheria makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka. Humo pia dawa za kulevya zimewekewa ukuta: thamani yake ikizidi shilingi milioni 20, mlango umefungwa, sawa na uhaini na ugaidi.

Huko Marekani mambo ni mengine, na ndiyo maana ya kutochanganya redio mbili. Kule rais anaweza kusamehe hata kabla ya mashtaka. Gerald Ford alimsamehe Richard Nixon Septemba 1974, wala Nixon hakuwahi kushtakiwa. Ila kwingine rais wa kule amefungwa mikono kuliko wetu, kwani hagusi makosa ya sheria za majimbo. Joe Biden aliposamehe watu wa kupatikana na bangi Oktoba 2022, kijiwe kizima kilisema Marekani imefungua magereza. Msamaha ule ulihusu makosa ya sheria za shirikisho peke yake, wakati kesi nyingi za bangi ziko majimboni. Larry Hoover, kiongozi wa genge la Chicago, alipunguziwa na Trump mwaka 2025 vifungo vyake vya shirikisho, lakini jimbo la Illinois lilikuwa bado linamdai kifungo chake cha mauaji, kwa hiyo uraiani hakufika.

Kuna pia wanaoamini kwamba aliyesamehewa ameonekana hana kosa. Hapana. Baraza lililomkuta Hernández na hatia halikusikia rufaa wala halikubadili neno. Aliyebadili mambo ni rais mwenye kalamu. Anayesema mtu hana hatia ni mahakama. Na msamaha wenyewe si kitu kimoja. Kwetu ibara ile ile inamruhusu Rais kusamehe, kuahirisha adhabu, kuibadili iwe nyepesi, au kufuta sehemu yake. Aprili 26, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alitoa msamaha kwa wafungwa 5,001. Kijiweni ikawa "elfu tano wametoka". Waliotoka siku ile walikuwa 1,516. Wale 3,485 walipunguziwa muda, wakarudi kulala ndani. Biden naye, Januari 2025, alipunguza vifungo vya watu karibu 2,500 wa dawa za kulevya, akieleza kuwa walikuwa wamepewa miaka mirefu kupita ambayo wangepewa kwa sheria za sasa. Hatia zao zilibaki palepale kwenye kumbukumbu.

Hata punguzo la theluthi moja kwa mfungwa mwenye tabia njema watu huliita msamaha. Lile ni la Sheria ya Magereza, halisubiri sikukuu.

Sasa nije kwenye dhana inayoniudhi kuliko zote: mfungwa wa dawa za kulevya ukimwona uraiani mapema, amehonga au amesamehewa kisirisiri.

Wengi ninaowajua walitoka kwa karatasi, nyingine zikiwa zimepita kwenye kibodi yangu. Kesi ya dawa hubebwa na kitu kimoja, kielelezo, na kielelezo hupita mikono mingi. Askari amekamata kete, tuseme. Je, alizihesabu pale pale mbele ya shahidi asiye askari? Hati ya ukamataji ilijazwa na kusainiwa? Bahasha ilifungwa kwa lakiri? Nani aliipokea kituoni, saa ngapi, na jina lake liko kwenye rejista ya vielelezo? Nani aliipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na ilipimwa gramu ngapi? Hesabu ya kwenye hati ikiwa tofauti na ya kwenye ripoti, au pakawa na siku mbili ambazo hakuna anayejua bahasha ililala wapi, majaji wa rufaa hujiuliza kama kilichopimwa ndicho kilichokamatwa. Wakishindwa kujibu, mtu anaachiwa. Niliwahi kuchapa sababu za rufaa za kurasa nne, na iliyomtoa mhusika ilikuwa mistari mitatu tu, kuhusu uzito uliotofautiana.

Jirani wa mhusika huyo bado anasema alihonga. Nimechoka kumbishia.

Mtumiaji je? Kijiweni "teja" na "pusha" ni mtu mmoja. Serikali yenyewe haioni hivyo. Tiba ya methadoni, dawa anayopewa mtumiaji wa heroini ili aache, ilianza Muhimbili mwaka 2011, na kwetu ipo Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe. Haitozwi hela. Anayekwenda anakunywa dozi mbele ya mhudumu kila siku, wala hahitaji kumwandikia Rais. Nasikitika kusema kwamba katika barua zote za Desemba nilizochapa, ni mbili tu zilizotaja kwamba kijana alikuwa mgonjwa kabla ya kuwa mfungwa.

Na ndugu aliyefungwa nje, China au kwingine? Msamaha wetu haufiki huko. Ibara ya 45 inawahusu waliohukumiwa kwa sheria zetu. Serikali inaweza kuzungumza na serikali, na kuna sheria ya kuhamisha wafungwa panapokuwa na makubaliano, lakini kalamu ya Rais wa Tanzania haifuti hukumu ya Hong Kong.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Uhuru, alikuja mama mmoja wa Chang'ombe. Mwanawe alikuwa gereza la Isanga, hukumu ya miaka 30, bangi. Alikuwa na barua yake imeandikwa kwa mkono kwenye daftari la kuruka mistari, nzuri, ina hadi salamu za familia. Nikamuuliza hukumu ilitoka lini. Akasema, "Wiki iliyopita, Jumatano." Nikaangalia kalenda iliyo ukutani. Kutoka mahakama ya chini kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, zikiondolewa zile za kusubiri nakala ya hukumu. Siku zilizobaki za kusudio zilikuwa tatu.

"Mama," nikamwambia, "barua hii tutaichapa, lakini si leo. Mwanao ameshamwambia mkuu wa gereza kwamba anataka kukata rufaa?"

Hakujua. Aliambiwa asubiri tarehe 9.

Nikageuza daftari lake, nikaandika namba ya kesi kwa kalamu nyekundu kwenye jalada, na chini yake: kusudio la rufaa, nakala ya hukumu, mwenendo wa shauri. Nikamwelekeza dirisha la masjala, na kwamba kesho ni siku ya kumwona mwanawe, amwambie ajaze fomu huko huko ndani, maana magereza ndio huipeleka mahakamani. Akasoma lile neno "mwenendo" kwa sauti, polepole, akaniuliza kama linalipiwa. Kisha akalikunja daftari ndani ya kanga, akavuka barabara kwenda masjala kabla hawajafunga kwa chakula cha mchana.